Linakula, Linakoroma

Mama mkwe alinikuta nimepiga magoti mbele ya ndoo ya unga, mkono wangu wa kulia umezama mpaka kwapani. Nikamwamkia nikiwa hivyo hivyo, kwa sababu mama mkwe haachwi bila shikamoo hata kama umenaswa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Unafanya nini?

— Nakanda, mama.

— Bila maji, akasema.

Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akarudi sebuleni na kuufunga mlango wa jikoni taratibu, vile unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Nami, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, niliyeendesha lori miaka ishirini na kuvuka mipaka tisa na mizigo ya watu, nikabaki pale sakafuni na nyusi nyeupe. Lakini vidole vilikuwa vimeshagusa mbao. Mipakani nimepekuliwa na maofisa wa kila lugha, na wote mahali pa kwanza kutia mkono ni kwenye unga. Sikuona kwa nini mke wangu awe mjanja kuliko wasafirishaji wa magendo. Nikavuta. Kikatoka kibubu, kile kisanduku cha kuwekea akiba kisicho na mfuniko, chenye kitundu kimoja tu juu cha kupitishia noti, ukubwa wa tofali dogo. Nikakipangusa, nikakisokomeza ndani ya koti, nikatokea mlango wa nyuma kuelekea kijiweni.

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la kunyolea, nyumba ya nne kutoka kwangu. Benchi ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya rimu mbili za gari, na kitasa chake bado kipo, kwa hiyo anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Hapo yupo Kinyozi mwenyewe, anayenyoa watu wanne kwa siku kwa mashine na wengine kumi kwa mdomo. Yupo Bwana Risiti, karani mstaafu wa ghala, asiyeamini jambo lisilo na karatasi. Mkewe akimwambia chakula kiko tayari, huenda kwanza kuhakikisha. Yupo Kamanda, mlinzi wa zamu za usiku, mfupi kuliko rungu lake, ambaye mchana anapaswa kuwa amelala. Kahawa ni ya Bi Robo, anayekaa kwenye kigoda na birika lake juu ya makaa. Aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kujaza kikombe: robo ya juu ni ya hewa, na unailipia. Mimi wananiita Breki. Siku moja lori langu lilikosa breki kwenye mteremko, nikaliegesha ndani ya duka la majeneza. Sikuumia, ila jina likanibaki.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Nikakalia kitasa.

— Breki, una unga kwenye nyusi, akasema Kinyozi.

— Najua.

— Na tumbo lako lina pembe nne.

Nikakitoa kibubu nikakiweka juu ya benchi. Wakakitazama kama watu waliowekewa nyoka ambaye hawajui kama yu hai.

— Cha nani? akauliza Bwana Risiti.

— Cha mke wangu. Kilikuwa kwenye unga.

— Aliyeficha kwenye unga ana la kuficha, akasema Kamanda. Mtu mwema huweka kabatini.

— Wewe nyumbani mmeweka wapi? akauliza Bi Robo.

— Sisi hatuna cha kuweka.

Basi nikawaeleza tangu mwanzo. Miezi minne sasa nyumba yangu imebadilika. Dawa ya meno ikiisha, haiishi: mke wangu anaupasua mfuko wake kwa mkasi, tunapiga mswaki siku nne tena kwa kukwangua ngozi. Vipande vya sabuni anavikusanya, anavitia ndani ya soksi yangu ya zamani, anaifunga fundo, na hiyo ndiyo sabuni ya kuogea. Kila asubuhi najisugua kwa mguu wangu mwenyewe. Maji ya chai yanachemshwa mara moja alfajiri, yanakaa kwenye chupa hadi jioni. Maharage hayapikwi mpaka yalale kwenye maji, na yakipikwa, sufuria inawekewa jiwe juu ya mfuniko ili mvuke usitoroke. Kola ya shati ikichakaa anaifumua na kuigeuza ndani nje, nami natembea mjini nikiwa mpya shingoni tu. Balbu ya sebuleni ameiondoa. Ukitaka kusoma, unaifuata balbu chumbani.

— Huko ni kubana matumizi tu, akasema Bwana Risiti. Hata serikali hubana.

— Zikishabanwa huenda wapi? akauliza Kamanda.

Bwana Risiti akanywa kahawa.

— Ndilo ninalouliza, nikasema. Zinakwenda wapi? Maana mezani hakijaongezeka kitu. Jiwe tu juu ya sufuria.

— Umemchunguza? akauliza Kinyozi.

— Sikutaka. Mpaka juzi.

Juzi nilikuwa bafuni na soksi yangu. Dirisha la bafu linatazama kamba ya nguo, na mke wangu alikuwa anaanika huku akiongea na dada yake kwa simu, simu ameibana kati ya sikio na bega. Sikukusudia kusikiliza. Nilifunga maji tu ili nisikie vizuri.

— Akasema nini?

— Nimeyashika kama namba ya lori. Alisema: "Dada, nimechoka nalo. Zee hili linakula, linakoroma usiku kucha, na kazi yenyewe halifanyi. Miaka minane nalivumilia. Lakini nabana bana hivi hivi, na Jumamosi saa kumi naliondoa. Naingiza jingine, dogo, jembamba, lisilo na kelele."

Kinyozi akaingia ndani akazima redio. Bi Robo, aliyekuwa anamimina, aliacha kumimina katikati, na kwa mara ya kwanza hatukujua kama ni ubahili au ni mshtuko.

— Leo ni Jumamosi, akasema Kamanda.

— Najua leo ni siku gani.

— Hakutaja jina, akasema Bwana Risiti. Bila jina huwezi kushtaki.

— Mke wangu hajanitaja jina tangu tuoane.

— Lakini amesema "li". Angekuwa na maana ya mtu angesema "a". Anakula, anakoroma.

— Bwana Risiti, akasema Kinyozi, wewe umekaa na magunia mpaka umesahau watu. "A" ni mtu wa kawaida. "Li" ni mtu aliyezidi kipimo. Jitu. Zee. Lidude. Mwanamke akishafika kwenye "li", ujue amepita kwenye "a" akaona haitoshi.

— Afadhali yeye aliye "li", akasema Kamanda. Mimi nyumbani ni "ka". Kamerudi. Kamelala. Kapeni chakula. Nasikia hayo nikiwa nimesimama hapo hapo.

— Na miaka minane? akasema Bwana Risiti, ambaye hesabu ikimshika haimwachi. Breki, mmeoana miaka mingapi?

— Ishirini na minne.

— Basi haikubali. Angesema ishirini na minne.

Kinyozi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona jibu kabla ya wenzake.

— Inakubali. Kumi na sita ya kwanza alikuwa anapenda. Hii minane ndiyo ya kuvumilia. Breki, lori uliliacha lini?

Nikahesabu kwa vidole, ingawa nilijua.

— Miaka minane.

— Umeona. Ulipokuwa safarini ulikuwa "a". Umerudi kukaa nyumbani, ukawa "li".

Sitaki kusema uongo: pale jasho lilinitoka. Kula, ninakula. Kukoroma, nimeambiwa katika nchi nne tofauti, na katika mojawapo mwenye nyumba ya wageni alinirudishia nusu ya malipo ili nihame. Kazi, tangu niache lori, ni hii mnayoiona, ya kukalia kitasa.

— Mimi naona kijana, akasema Kinyozi, akishusha sauti. Dogo, jembamba, lisilo na kelele. Ninaye mteja wa namna hiyo. Mwembamba, haongei hata ukimkata sikio. Anakuja kunyoa kila Ijumaa. Niambieni, nani ananyoa kila wiki kama hana pa kwenda Jumamosi?

— Labda kazini kwake wanataka usafi, akasema Bi Robo.

— Mama, wewe mimina. Halafu jana aliomba nimpake mafuta nyuma ya shingo. Shingo, Bi Robo. Nani huiona shingo ya mtu kwa nyuma?

— Aliye nyuma yake kwenye foleni, akasema Bi Robo.

Bwana Risiti akatikisa kichwa.

— Hapana. Kijana ni gharama. Mtu anayepasua mfuko wa dawa ya meno hawezi kumlisha kijana. Shemeji anahama. Ana kiwanja mahali, anajenga chumba kimoja, cha kitanda kimoja chembamba. Nimekaa ghalani miaka thelathini na moja, najua vitu vinavyoondoka. Haviondoki siku moja. Kinaanza kitu kidogo. Balbu ya sebuleni iko wapi?

— Nimeshasema. Ameifunga chumbani.

— Umehakikisha ni ile ile?

Mwanamume hufundishwa mambo mengi katika ndoa, lakini hakuna aliyenifundisha kuweka alama kwenye balbu.

— Na soksi ya pili ya jozi ile? akaendelea Bwana Risiti.

— Sijaiona tangu mwezi wa kwanza.

— Imeshafika kiwanjani.

Kamanda akinyamaza ni ama amelala ama anatengeneza jambo. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akatazama nyuma yake, kisha akainama hata tukalazimika kuinama sote.

— Mnaliangalia kama la nyumba moja, akasema. Wiki iliyopita mke wangu alipasua mfuko wa dawa ya meno.

— Kweli?

— Kwa mkasi. Kinyozi, wa kwako je?

Kinyozi akakuna kidevu. Ikaonekana hakutaka kujibu.

— Amenigeuzia kola, akasema.

— Bwana Risiti?

— Maharage yanalala kwenye maji, akasema Bwana Risiti. Nilidhani ni mapishi.

— Sasa nisikilizeni. Mwezi uliopita walichanga wanawake wanane wa mtaa huu, wakanunua gunia moja la vitunguu kwa jumla, wakagawana. Kwa nini? Kwa sababu ukinunua kwa jumla bei inashuka. Sasa watu walioonja bei ya jumla ya vitunguu, unadhani wataishia kwenye vitunguu?

Hakuna aliyecheka. Nataka mwelewe hali tuliyokuwa nayo: hakuna aliyecheka.

— Unasema wanatubadilisha, akasema Kinyozi polepole.

— Kwa mkupuo mmoja. Wanane wanaondolewa, wanane wanaingizwa. Wembamba, wasio na kelele. Breki ni wa kwanza kwa sababu ndiye anayekula zaidi.

— Bi Robo, akasema Bwana Risiti, na sauti yake ilikuwa ya mahakama. Wewe umo katika huo mchango?

— Mimi wangu aliondoka mwenyewe, akasema Bi Robo. Hakunigharimu kitu.

Akammiminia Kamanda, na nawaapia kikombe kile kilikuwa nusu.

Basi ikaamuliwa kibubu kifunguliwe. Sikuamua mimi, iliamuliwa, kama vile mambo mabaya yanavyoamuliwa watu wengi wakikaa karibu. Hoja ya Kinyozi ilikuwa kwamba kilichomo ndani kitatuambia kinachokuja. Kikiwa kidogo, ni kijana. Kikiwa kikubwa, ni nyumba. Kikiwa kikubwa mno, Kamanda yuko sahihi. Na vyovyote itakavyokuwa, wakaniambia, mtu anayefukuzwa Jumamosi saa kumi hawezi kukaa saa tisa na nusu ameushika mkwanja wa kumfukuzia bila kuutazama.

Kwanza kikapitishwa mkono kwa mkono. Bwana Risiti akakipima kwa viganja viwili, macho amefumba, akasema hapo ndani hapapungui nusu kilo ya karatasi. Kamanda akakinusa. Kinyozi akakitikisa karibu na sikio.

— Noti, akasema. Sarafu hulia. Noti zinajua kukaa kimya.

— Hata kubishana hazibishani, akasema Kamanda. Nzito, nyembamba, hazina kelele.

Kinyozi akaingia dukani akarudi na bisibisi anayofungulia mashine yake. Akanipa. Nikaichomeka kwenye mshono wa upande mmoja na kubinya. Ubao ukalalamika, ukaachia kama upana wa ukucha.

Hapo ndipo nilipoona kitundu cha juu. Mke wangu alikuwa amekiziba ili unga usiingie, kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Nikakivuta. Kilikuwa cha shati langu la bluu, lile nililovaa safari yangu ya mwisho, sehemu ya mfukoni ambapo wino ulivuja. Shati hilo nilidhani alishalifanya dekio. Na misumari iliyoshika ubao ilikuwa midogo, ya visigino vya viatu, aliing'oa mmoja mmoja kwenye jozi yangu iliyokufa na kuinyoosha kwa nyundo. Ilikuwa bado na vipindo. Mtu hakai chini kunyoosha misumari saba ya kisigino kwa ajili ya jambo dogo.

Nikawaza hivi. Kinyozi akiwa mkweli, nikivunja nimejiokoa. Kinyozi akiwa mwongo, nikivunja nimemwibia mke wangu miezi minne ya dawa ya meno, na hilo halina shati la kuzibia.

— Binya, akasema Kinyozi.

— Ngoja kidogo.

— Saa kumi kasorobo, Breki. Binya.

Ndipo ukaja mkokoteni. Aliyeusukuma alikuwa mwanamume wa makamo, mikono mipana, kofia imelowa jasho, na juu ya mkokoteni hapakuwa na kitu ila kamba. Kamba nene, imeviringwa vizuri. Akausimamisha mbele yetu, akajifuta uso.

— Habari za hapa, wazee.

— Njema.

— Samahani, natafuta kwa Breki. Nimekuja kuchukua zee.

Sikumbuki nani alishusha kikombe. Nakumbuka mlio wake.

— Zee, akasema Bwana Risiti.

— Ndiyo. Mama mwenye nyumba alinipigia. Aliniambia nije na kamba, na nikiweza nije na mtu wa pili, maana ni zito, na kulipitisha mlangoni kuna kazi.

— Halina kazi, nikasema. Linapita.

Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayebalehe.

— Analipa yeye au unalipa wewe? akauliza Kamanda.

— Nalipa mimi. Kwa kilo.

Kamanda akanitazama kuanzia viatu hadi nyusi, na niliona anajumlisha.

— Hata kunitupa hanitupi, nikamnong'oneza Kinyozi. Ananiuza.

— Si nilikwambia anabana, akasema Kinyozi.

— Na likishafika huko kwenu? akauliza Bwana Risiti. Kuna karatasi? Kuna utaratibu?

— Utaratibu ni mmoja tu, mzee. Kwanza tunatoa ya ndani, maana ndiyo yenye bei. Halafu mwili tunaupasua vipande. Hakitupwi kitu.

— Likiwa zima? akauliza Kamanda.

— Zima, bovu, kwetu ni sawa. Haya ya zamani yana uzito mzuri. Ya siku hizi ni mepesi, hayana nyama.

Nikashika kitasa. Mwenye mkokoteni akatutazama, akaona kibubu, akaona bisibisi imechomekwa, akaona mimi nilivyokuwa.

— Kwani kuna nini? akasema. Mwenye nyumba hana habari?

— Ana habari, akasema Kinyozi. Alisikia dirishani.

— Alisikia nini?

Kamanda akamweleza. Alimweleza yote, li na a, balbu, kijana wa Ijumaa, chumba cha kitanda kimoja, gunia la vitunguu, wanawake wanane. Mwenye mkokoteni alisikiliza kwa adabu, kofia mkononi. Alipomaliza, yule mtu akauliza:

— Na mkewe mlipomuuliza, alisema nini?

Kinyozi akatazama mkasi wake. Bwana Risiti akapekua mfuko wa shati, kama kwamba jibu alikuwa amelihifadhi humo. Karibu saa nzima tulikuwa hapo, kwa dhana tatu na bisibisi moja, na anayedhaniwa yote hayo alikuwa nyumba ya nne, hatua sitini, anaosha sufuria.

— Kahawa imekwisha, akasema Bi Robo.

Hapo mke wangu akatokea getini. Mtandio umefungwa kiunoni, mikono imelowa, na nyuma yake mama mkwe amesimama mlangoni. Akamwona mwenye mkokoteni, akaja.

— Kaka, mbona umesimama huku? Friji liko tayari, nimeshalimwaga maji na kulikausha. Miguu ya mbele imeoza, ulishike kwa chini.

— Sawa, mama, akasema mwenye mkokoteni, na kuanza kufungua kamba zake.

Friji. Neno lile liliniingia polepole, kama mzigo unaoshushwa kutoka juu ya lori. Friji langu. Nililileta mwenyewe katika safari yangu ya mwisho, kutoka nchi ya mbali, nimelifunga kwa blanketi kati ya magunia, na pale mpakani nililiombea kuliko nilivyojiombea mimi. Miaka minane limekaa jikoni likinguruma usiku kucha. Mimi silisikii, kwa kuwa usiku huo wote, kama mlivyoambiwa, nina shughuli.

Mke wangu alikuwa bado hajaniangalia. Aliangalia benchi. Kinyozi akakumbuka ana mteja, akaingia dukani ambamo hamkuwa na mtu. Kamanda akafumba macho akalala, na kusema kweli alilala vizuri. Bwana Risiti hakuweza kuondoka kwa sababu mguu wake ulikuwa umekufa ganzi.

— Hicho kimefikaje hapa? akauliza mke wangu.

— Nilikuwa nakipeleka, nikasema.

— Wapi?

Akachomoa bisibisi, akaiweka juu ya benchi mbele ya Bwana Risiti, akaukandamiza ubao kwa kiganja mpaka ukarudi mahali pake. Kisha akakiweka kibubu kwapani. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kwangu kama angepandisha.

— Nilikwambia mara tatu friji linatumaliza, akasema. Kila mara ulilipiga teke, likanyamaza robo saa, ukasema limepona. Nikaondoa balbu, umeme ukaliwa vile vile. Nikapunguza kuchemsha maji, ukaliwa vile vile. Kila nilichobana lilikila. Nikaona nikikwambia mara ya nne utalipiga teke la nne. Nikaamua nibane kimya kimya, niliondoe, ukitoka huku kijiweni ukute jipya linapoza maji, ugomvi uwe umekwisha kabla hujauanza.

— Na gunia la vitunguu? akauliza Bwana Risiti, kwa sababu hawezi kujizuia.

— Vitunguu ni vitunguu, mzee wangu.

Mama mkwe, kule mlangoni, akasema na mtu asiyeonekana:

— Mimi nilimkuta anakanda.

Mwenye mkokoteni alikuwa ameshafika getini na kamba begani, akageuka kuangalia kama yuko mtu wa pili. Nikasimama. Ningebeba mafriji matatu. Mke wangu alikuwa ameshaanza kurudi, nami nikamfuata, hatua mbili nyuma, nikiyapanga upya maneno ya juzi, ya kula, ya kukoroma, ya kutofanya kazi, nikiyatoa kwangu moja moja na kuyapakia kwenye mkokoteni. Nikahisi ni haki yangu kupata uthibitisho, hata wa mdomo.

— Kwa hiyo, mke wangu, yale yote uliyomwambia dada yako, mimi simo.

— Yale yalikuwa ya friji, akasema bila kugeuka. Ya kwako sijaanza.